Fungu la binti

Kwetu Kasongo na Kabambare, baba akisha kuzikwa, wanaume wanasema: Kurani inampa binti nusu ya fungu la kaka yake. Wamama wanajibu: Kode ya Familia ya 1987 inagawia watoto sawasawa. Ungefikiri wanaume ni wa dini, wamama ni wa Leta. Lakini Kode ile ile, mpaka 2016, ilimtaka mke apate ruhusa ya bwana yake kabla ya kufunga mapatano ya sheria. Hapo wanaume walishika Kode. Wamama wakakumbusha kwamba katika Uislamu mali ya mke ni yake, na Bi Khadija alikuwa mfanyabiashara.

Mimi nilikula mafungu mawili. Dada yangu alinyamaza; tangu siku ile hajaniomba hata chumvi.