Mkrismasi au Jakaranda?

Mzee mmoja wa kanisa alitujia na swali ambalo tulidhani ni dogo. Amemaliza kujenga nyumba ya matofali katika nchi ya chini, penye joto, naye mbele ya baraza amebakiza mahali pa kupanda mti mmoja wa mapambo. Anayo miche miwili katika makopo, mmoja wa mkrismasi na wa pili wa jakaranda. Akauliza, "Waalimu, upi ulio mzuri zaidi?" Tulitaka kumjibu upesi kama watu wajuao, kisha tukanyamaza, maana tulikumbuka jambo lililotupata sisi wenyewe, ambalo tutalieleza mbele.

Wako watakaosema kwamba swali lenyewe ni la anasa. Mwenye nafasi ya mti mmoja na apande mwembe, watoto wapate kula. Neno hili si la kudharauliwa, na kama nyumba ina njaa sisi tu upande wa mwembe. Lakini haifai kulifanya kuwa sheria kwa watu wote. Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 2, miti ya bustani yasifiwa kwanza kwa kupendeza macho, na baada yake ndipo kutajwapo kula. Tena katika sura ya 21 twasoma kwamba Ibrahimu alipanda mti huko Beer-sheba, akaliitia jina la Bwana mahali pale. Biblia yetu yauita mkwaju, na msomaji hufikiri mara moja ukwaju autiao katika mchuzi. Bali neno la Kiebrania lataja mti mwingine wa nchi kavu, wa jamii ya tamariski, usiozaa tunda la kuliwa. Yule mzee, naye mgeni katika nchi, alipanda kivuli. Basi kupanda mti usiolisha tumbo si kosa. Kosa, kama lipo, hutoka mahali pengine.

Mkrismasi asili yake ni Bukini, yaani Madagaska. Huko ndiko mtaalamu wa mimea Wenceslas Bojer, mtu wa Bohemia, alikouona katika miaka ya 1820, na jina lake la kitaalamu likachapishwa mwaka 1829. Si mti mrefu sana, lakini matawi yake hutanda kama mwavuli, hata mara nyingi upana wake hupita urefu wake. Ua lina petali tano: nne nyekundu, na moja iliyosimama peke yake, yenye weupe na madoadoa, kana kwamba mtoto ameichezea kwa rangi. Baada ya maua huja maganda marefu, mengine yapata sentimeta 60, ambayo watoto huyafanya manyanga yakiisha kukauka.

Sisi twauita mkrismasi kwa kuwa hapa kwetu hujaa maua karibu na sikukuu ya Kuzaliwa kwa Bwana. Huko India huchanua wakati wa joto lao, mwezi wa Aprili hata Juni. Wakristo wa Kerala, wale wajiitao wa Mtakatifu Tomaso, wauita ua la Kalvari, na wazee wao husimulia kwamba mti mdogo wa namna hii ulisimama karibu na Msalaba, ukadondokewa na damu. Bila shaka mti wa Bukini haukuwako Yerusalemu siku zile. Lakini hatuwacheki ndugu zetu, maana hata sisi tumeupa jina la sikukuu isiyouhusu, kwa sababu tu mbili zile zilikutana katika kalenda yetu.

Jakaranda yatoka Amerika ya Kusini, katika sehemu za Argentina na Bolivia. Hukua upesi, huenda juu kuliko mkrismasi, hata mita 15 na zaidi, nayo hupenda nchi za juu zisizo na joto kali. Aliyepita Nairobi au Arusha mwezi wa Oktoba hana haja ya kuelezwa. Maua hutangulia majani, hata mti mzima huwa rangi ya zambarau iliyofifia, na baada ya siku chache ardhi iliyo chini yake huwa rangi ile ile. Huko Pretoria, Afrika ya Kusini, maelfu ya miti hii imepandwa kando ya njia, na wanafunzi wa chuo kikuu husema kwamba ua likikuangukia kichwani utafaulu mtihani. (Sisi waalimu twapendekeza kusoma vitabu pia.)

Tukiulizwa juu ya uzuri tu, twasema jakaranda hupendeza zaidi kwa mtu aliye mbali, na mkrismasi kwa mtu aketiye chini yake. Jakaranda huwapa kivuli chepesi. Mkrismasi huwatandikia dari. Kwa mzee apendaye kupokea wageni barazani, hapo pekee pangetosha kumwamulia. Lakini sasa tulieleze jambo letu.

Miaka kadhaa iliyopita tulipanda mkrismasi hatua nne tu kutoka mpaka wa kiwanja chetu, kwa kuwa tulitaka maua yaonekane njiani, watu wapitapo kwenda ibadani. Tukiri wazi kwamba tulitaka kusifiwa. Ng'ambo ya ua hukaa bibi mmoja mjane, mwenye birika la mawe la kukusanyia maji ya mvua. Nasi hatukujua, au hatukutaka kujua, kwamba mizizi ya mkrismasi haishuki sana. Huenda kwa upande, karibu na uso wa ardhi, ikinenepa mwaka kwa mwaka. Mti ukachanua, tukasifiwa. Ndipo kiangazi kimoja yule bibi akaja kwetu. Tukamwamkia, akaitikia, akaketi, akanywa chai yote, akauliza habari za watoto mmoja mmoja, hata mwisho akasema, "Wanangu, maua yenu nayapenda. Nayafagia uani kwangu kila mwaka wala sinung'uniki. Lakini mizizi yenu imeingia kwangu bila kupiga hodi, na birika limepasuka."

Tukaenda tukaona ufa, tungeweza kutia kidole. Tuliukata mti, tukanunua saruji, tukalitengeneza birika. Hayo yalilipika. Lakini kiangazi kile maji yake yalikuwa yamekwisha kupotea ardhini, naye katika umri ule alikuwa amechota mtoni kwa kichwa majuma mengi kabla ya kuja kusema. Na majuma yale hatukuwa na saruji ya kuyaziba. Tena tulipoukata mti alisikitika kuliko sisi, kwa kuwa kivuli cha saa tisa kilikuwa kikiangukia baraza lake, si letu. Nasi miaka yote ile hatukuwa tumelitambua hata hilo.

Kwa kisa hiki mtu angetazamia kwamba tutamshauri mzee apande jakaranda. Sivyo.

Jakaranda nayo huvuka mpaka, ila kwa njia nyingine. Tunda lake ni ganda gumu, bapa, mfano wa kikombe cha kobe. Likikauka hupasuka na kutoa mbegu nyepesi zenye mbawa nyembamba kama karatasi, na upepo huzichukua. Afrika ya Kusini, ambako mti huu ulikaribishwa kwa heshima na mji mzima kujisifia, sheria sasa yauhesabu miongoni mwa miti ya kigeni ivamiayo, na kupanda mipya kumezuiliwa katika sehemu kubwa za nchi ile, ingawa ile ya zamani ya Pretoria imeachwa isimame. Na jambo la kustaajabisha ni kwamba huko kwao porini jakaranda imehesabiwa kuwa hatarini, kwa kuwa misitu yake yakatwa kwa ajili ya mashamba. Mti mmoja, kwao wapungua, ugenini wazidi mno.

Basi dhara ya mkrismasi twaweza kuipima kwa hatua za miguu. Tukiupanda hatua 15 kutoka nyumba, birika na mpaka, karibu yote imekwisha kuzuiwa. Na ikitokea, aliyeumizwa ajua mlango wa kubisha hodi. Dhara ya jakaranda huangukia bonde tusiloliona, labda baada ya sisi kufa, na mwenye bonde lile hatajua amshitaki nani. Yule mwanasheria wa Luka 10 aliuliza jirani yake ni nani, akitumaini kwamba orodha itakuwa fupi. Sisi tumeona kwamba dhara ambayo mwenyewe utaitwa uitazame ni afadhali kuliko ile ambayo hutaitwa kamwe, hata kama hii ya pili ni ndogo kwa kila mtu.

Hatusemi haya ili kuihukumu jakaranda. Wachonga vinyago wa Kenya hutumia mti wake, na kila kinyago cha jakaranda ni mpingo mmoja mdogo zaidi ulioachwa kukua. Mti wa mkrismasi hauna sifa ya namna hiyo, na matawi yake huvunjika kwa upepo wa nguvu. Tena aliye katika nchi ya baridi hawezi kutumaini mkrismasi ustawi kwake. Yeye anaweza kufikiri kuyachuma maganda ya jakaranda kabla hayajapasuka, lakini ni nani atakayepanda mita 15 kila mwaka kwa kazi hiyo? Kwake twaona heri mringaringa, mwenyeji wa milima yetu, wenye maua meupe yapendwayo na nyuki na mbao nzuri. Hakuna aliyetuuliza habari zake, nao hauko katika makopo ya mzee, lakini ni haki utajwe.

Mzee alitusikiliza hata mwisho, akasema kwamba alitaka jibu la neno moja. Tukampa: mkrismasi. Akapima hatua 15 kutoka barazani, na hapo akajikuta hatua sita tu kutoka ua wa jirani. Akasimama kitambo, akaweka kopo chini, akaenda kuzunguka ua apige hodi. Tulipoondoka walikuwa wangali wakizungumza, na jirani alikuwa akionyesha kwa fimbo mahali anapokusudia kuchimba kisima.