Mkate Ulionunuliwa Samaria



Mwezi huu twataka kulitafakari neno dogo lililomo katika Injili ya Yohana, sura ya 4, mstari wa 8. Bwana Yesu amechoka kwa safari, ameketi kisimani karibu na Sikari, mji wa Wasamaria. Sote twayakumbuka mazungumzo yake na mwanamke aliyekuja kuteka maji. Walakini ni wachache waulizao: wanafunzi walikuwa wapi saa ile? Mwinjili atujibu kwamba walikuwa wamekwenda mjini kununua chakula. Basi, walinunua kwa nani? Kwa Wasamaria, watu ambao Wayahudi walijitenga nao na kuwadharau. Wala hatusomi kwamba Bwana aliwazuia, wavumilie njaa mpaka wafike Galilaya wapate kula mkate wa kwao. Fedha ya Myahudi iliingia mkononi mwa Msamaria, na mkate wa Msamaria uliletwa mbele ya Bwana.

Twayasema haya kwa sababu ya jambo tuliloliona. Siku moja ya gulio, pale Tengeru, mtu mmoja alikuwa akiigeuza sabuni mkononi, akauliza imetoka wapi. Alipoambiwa kwamba ni ya Kenya, akairudisha, akasema afadhali afue kwa majivu kuliko kuwatajirisha wale. Waliosimama karibu wakacheka, wakamsifu kuwa ni mzalendo kweli. Nasi tulikuwa miongoni mwao, tukanyamaza. Tulirudi nyumbani tukiwa na haya, na ndiyo sababu twaandika. Tena twasikia ya kuwa ng'ambo ya Namanga wako wasemao vivyo hivyo juu ya mahindi na vitunguu vyetu.

Uchungu huu haukuzuka leo. Mwezi wa Februari 1977 mpaka wetu na Kenya ulifungwa, wala haukufunguliwa hata Novemba 1983. Mwaka 2017 vifaranga 6,400 vilivyotoka Kenya vilichomwa moto Namanga, ikasemwa ni kwa hofu ya mafua ya ndege. Machi 2021 Kenya iliyazuia mahindi yetu, ikisema yana sumu ya kuvu. Julai 2025 wageni walikatazwa katika nchi yetu kufanya biashara ndogo za aina 15, na wengi katika Kenya wakaudhika. Kila mara jambo la namna hii litokeapo, watu wa kawaida huambizana: Tusinunue vyao. Na haya yote yanenwa katika Arusha, mji ambamo mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa sahihi tarehe 30 Novemba 1999. Umeandikwa kwa wino hapa kwetu. Je, umeandikwa mioyoni mwetu?

Mtusikilize vema. Mambo ya mpaka na ushuru, na kuzuia chakula chenye sumu, ni kazi ya wenye mamlaka, wala hatuyahukumu hapa. Tena si dhambi kuipenda kazi ya mikono ya kwetu. Mtu akinunua kahawa ya Meru kwa kuwa ni nzuri, na kwa kuwa mkulima wake ni jirani, amefanya vema. Hata kukataa bidhaa kwaweza kuwa tendo la haki. Katika Uingereza, tangu mwaka 1791, watu wengi waliacha kula sukari ya visiwa vya Karibi kwa sababu ililimwa na watumwa. Walijinyima utamu kwa kumhurumia mwenzao aliyeonewa. Basi, mwenye kukataa kitu na ajiulize: Nakataa kwa ajili ya nani? Wale walikataa kwa kumpenda jirani. Huyu wa Tengeru alikataa kwa kumdharau. Tendo ni moja, lakini mioyo ni miwili, na Mungu autazama moyo.

Tena, ni nani anayepigwa? Sabuni ile haikuwa tena mali ya Kenya. Mama mwenye duka alikwisha kuilipia kwa fedha yake mwenyewe, naye ni wa Meru, na watoto wake husali pamoja nasi. Vivyo hivyo vitunguu vya Mang'ola, karibu na Ziwa Eyasi, hulimwa na watu wetu, hupakiwa katika malori, hupita Namanga, huliwa Nairobi. Mkulima yule hakufunga mpaka wowote, wala mama wa Nairobi aviuzaye hakufunga. Wahenga walisema, wapiganapo tembo nyasi huumia; nasi tu nyasi, na tena twataka kukanyagana wenyewe kwa wenyewe!

Itazameni Namanga yenyewe. Ni jina moja katika nchi mbili. Waingereza na Wajerumani waliigawanya nchi hii mwaka 1886, wala Wamasai hawakuulizwa. Hata leo mtu aweza kuwa na kaka huku na shemeji kule. Walutheri wako huku, Walutheri wako kule, nao hukaribia Meza moja ya Bwana. Itakuwaje tupokee pamoja mkate wa Bwana siku ya Jumapili, na Jumatatu tuuone mkate wa ndugu kuwa ni najisi?

Enyi wainjilisti, mwafundishapo watoto Katekisimo Ndogo, msiipite upesi sala ya riziki ya kila siku. Luther aeleza kwamba riziki si chakula na mavazi peke yake. Ahesabu pia amani, na serikali njema, na majirani waaminifu. Basi, kila tunapoomba mkate, twamwomba Mungu pia jirani mwema. Nasi twawezaje kumwomba Mungu jirani, kisha tumtukane alipo? Tena juu ya amri ya saba afundisha kwamba kutoiba hakutoshi: yatupasa kumsaidia jirani aitunze mali yake na riziki yake izidi. Hakuandika kwamba ujirani wakoma penye kizuizi cha barabara.

Na sasa turudi Sikari. Wanafunzi waliingia mjini, wakatoka na mkate tu. Hatusomi kwamba walimwambia mtu ye yote habari za Bwana. Yule mwanamke aliingia mji ule ule, akatoka na watu, nao wakamsihi Bwana akae kwao, akakaa siku mbili. Kununua kwa jirani, basi, ni mwanzo tu. Mwenye kununua na asalimu pia, aulize habari za nyumbani, asikie. Nasi tulionyamaza gulioni, siku nyingine na tufungue vinywa, kwa upole, tuinunue ile sabuni mbele ya wote.

Bwana aliyeketi kisimani mwa wageni bila kuona haya atuondolee kiburi, na abariki mikono ilimayo na iuzayo, huku na ng'ambo ya mpaka. Amina.