Don Bosco na Vijana Wasio na Kwao



Katika vijiji vingi watu husema: Vijana wetu wanapotea, wanakwenda mjini kutafuta kazi, na huko hakuna wa kuwaangalia, ingefaa kuanzisha shirika la kuwasaidia. Kisha huongeza: Lakini feza iko wapi? Nyumba iko wapi? Basi hukaa wakimngojea mfadhili, na miaka hupita. Inafaa mjue namna Padri mmoja alivyoianza kazi hiyo bila nyumba wala feza, na namna alivyofanya ili isife pamoja naye. Mambo hayo ni mawili, na la pili ni gumu kupita la kwanza.

Padri huyo ni Mtakatifu Yoane Bosco, aitwaye na wengi Don Bosco. Alizaliwa mwaka 1815 katika kijiji cha Becchi, nchini Italia, mwana wa wakulima maskini. Baba yake alikufa mtoto akiwa hajatimiza miaka 2, na mama yake Margherita akamlea kwa jembe na kwa sala. Mwaka 1841 alipata upadri, akakaa katika mji wa Torino. Siku zile vijana wengi waliteremka kutoka milimani kuja Torino kuchukua matofali, kusafisha mabomba ya moshi na kufanya kazi viwandani. Padri Giuseppe Cafasso, mwalimu wake, alimpeleka kuwatazama wafungwa gerezani. Huko aliwakuta vijana wadogo, wenye nguvu na akili, wakikaa katika uchafu na njaa. Lililomwumiza kupita yote ni kuona kwamba wengine walifunguliwa, na baada ya siku chache walirudi kule kule. Alitafuta sababu, akaiona: walipotoka hawakumkuta mtu wa kuwapokea.

Tarehe 8 Desemba 1841, sikukuu ya Bikira Maria Mkingiwa, Don Bosco alikuwa sakristiani akivaa mavazi ya Misa. Kijana mmoja aliingia, akasimama akishangaa. Mtunza sakristia akamwambia atumikie Misa. Kijana akajibu kwamba hajui. Ndipo yule mtu akashika fimbo ya ufagio, akampiga na kumfukuza. Don Bosco aliposikia akasema kwamba aliyepigwa ni rafiki yake, na kwamba aitwe arudi mara moja. Rafiki! Hata jina lake alikuwa hajalijua bado.

Kijana aliitwa Bartolomeo Garelli, mwashi, mwenye miaka 16. Padri alimwuliza habari za baba yake: amekufa. Mama je? Amekufa naye. Anajua kusoma? Hajui. Kuimba? Hajui. Basi anajua kupiga mluzi? Hapo kijana akacheka. Kwa kicheko hicho mlango wa roho ulifunguka. Don Bosco hakumkaripia kwa ujinga wake. Alipiga magoti naye, wakasali Salamu Maria, kisha akamfundisha kufanya ishara ya msalaba. Jumapili iliyofuata Garelli alirudi na wenzake. Tazameni basi: shirika lenye kujulikana leo duniani kote lilianza kwa mtoto mmoja aliyeitwa arudi baada ya kupigwa. Ni vema kulikumbuka jambo hili, kwa sababu siku hizi mahali pengine kibao chenye jina la shirika hutangulia kusimamishwa barabarani, na mtoto hajaonekana bado.

Kwa miaka zaidi ya minne kundi lile halikuwa na makao. Liliwahi kukaa karibu na makaburi, kisha penye vinu vya unga, kisha katika shamba la majani. Kila mahali majirani walichoka kwa kelele, na watoto wakaondoshwa. Siku ya Matawi, tarehe 5 Aprili 1846, ilikuwa siku yao ya mwisho shambani, na Don Bosco alilia mbele ya watoto. Siku ile ile mtu mmoja alimwonyesha banda la bwana Pinardi, katika mtaa wa Valdocco. Paa lilikuwa chini mno, hata ilipasa kuchimba sakafu ili watu waweze kusimama. Siku ya Pasaka waliingia na kusali ndani yake.

Mwaka ule ule Don Bosco aliugua, akakaribia kufa. Alipopona alirudi Valdocco tarehe 3 Novemba pamoja na mama yake. Walikwenda kwa miguu. Mama Margherita alikuwa mjane mzee mwenye nyumba na wajukuu, akaacha yote awe mama wa watoto asiowazaa. Vitu vya ndoa yake aliviuza. Nguo nzuri alizishona ziwe vitambaa vya altare. Mwezi wa Mei 1847, usiku wa mvua, yatima mmoja alibisha mlango akiwa amelowa. Mama alimpa chakula, akamtandikia karibu na jikoni. Mlango aliufunga kwa ufunguo, kwa kuwa wengine waliolazwa mbele yake walitoroka na mablanketi! Upendo wa Mama huyu haukuwa upofu. Kabla kijana hajalala, alimwambia maneno machache juu ya kazi na sala. Desturi hiyo Wasalesiani wanaishika hata leo kila jioni.

Kumlisha kijana hakutoshi. Yafaa ajue kazi. Don Bosco aliwatafutia mafundi, lakini mafundi wengi waliwapiga vijana na kuwatumikisha kama watumwa wa nyumbani. Kwa hiyo aliandika mapatano. Moja la tarehe 8 Februari 1852, kwa ajili ya kijana wa useremala, bado lipo: fundi amrudi kijana kwa maneno tu, asimpige, ampe kazi ya ufundi wake, si nyingine, amwachie sikukuu zote. Fundi alitia sahihi, kijana vilevile, na Don Bosco pia. Tangu mwaka 1853 alifungua karakana zake mwenyewe, kwanza ya washona viatu na ya washona nguo. Feza aliiomba kwa matajiri na kwa maskini, aliandika barua, alifanya bahati nasibu. Iliyopatikana iliishia katika mkate na kuta za watoto.

Lakini watu waliuliza: Akifa, nani atawalinda watoto hawa? Mwaka 1855 serikali ilikuwa imetoa sheria ya kufunga nyumba nyingi za watawa. Waziri Urbano Rattazzi, mmoja wa walioitetea sheria hiyo, ndiye aliyempa Don Bosco shauri mwaka 1857: Anzisha chama cha raia huru, kila mmoja abaki na haki zake, atii sheria za nchi na kulipa kodi, hapo hakuna atakayekizuia. Mungu hutumia hata mdomo wa mtu asiyetazamiwa. Katika Kongo nako, sheria ya tarehe 20 Julai 2001 inataka shirika lisilotafuta faida liwe na kanuni zilizoandikwa, na lisiwatafutie wanachama wake mali.

Jioni ya tarehe 18 Desemba 1859 watu 18 walikutanika chumbani mwa Don Bosco, yeye akiwemo, wakaanzisha Shirika la Mtakatifu Fransisko wa Sales. Karibu wote walikuwa vijana aliowalea mwenyewe. Hakutafuta wakubwa wa mji. Mmoja wao, Michele Rua, alikuwa na miaka 22. Alipokuwa mtoto, Don Bosco alimnyoshea mkono wa kushoto na kujifanya anaukata nusu kwa mkono wa kulia, akamwambia kwamba wao wawili watagawana kila kitu nusu kwa nusu. Mtoto hakuelewa. Don Bosco alikufa tarehe 31 Januari 1888, na Padri Rua akaliongoza shirika miaka 22, hata kufa kwake mwaka 1910. Mwaka uliofuata Wasalesiani wa kwanza walifika Elisabethville, mji uitwao sasa Lubumbashi, wakaanza shule.