Saa ya Kusoma ni Mali ya Nani?

"Wifi, kwani bado una mitihani?" Swali hilo liliulizwa siku ya Idi katika nyumba moja mjini Tanga, na watu wakacheka. Aliyeulizwa ni muuguzi, mama wa watoto watatu. Alikuwa ametoka zamu ya usiku, akasaidia kupika pilau, akasugua masufuria, ndipo akakaa barazani na nakala ya Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, jalada limechakaa. Sebuleni mumewe na shemeji zake walikuwa kwenye mpira tangu adhuhuri. Wao hawakuulizwa wana mtihani gani.

Hadi magharibi maneno yalishakuwa mengine: anaringa, hadithi zinamharibu, nyumba ina kazi. Akakifunga kitabu, akaenda kubandika chai.

Kusoma kwa starehe si jambo la kufafanua sana. Ni kusoma bila kusukumwa na mwalimu wala bosi. Ugumu uko kwenye saa yenyewe. Mtu mwenye familia, saa yake ni mali ya nani?

Wapo wanaosema vitabu ni ghali, nao wana haki: mwaka 2013 Kenya iliviwekea kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16. Wapo wanaosema aliyechoka hasomi, na zipo jioni za namna hiyo.

Hoja inayochoma ni ile ya "kinakusaidia nini?" Bao halimwongezei mtu kipato, wala mpira, wala soga za kijiweni, na wahusika hawadaiwi hesabu. Anayedaiwa ni yule ambaye muda wake unadhaniwa umeshagawiwa wengine wote. Mume akitazama mpira, anapumzika. Mke akifungua kitabu, ameacha kazi. Basi aulizaye hivyo hana habari na kitabu. Anataka kujua mke huyu kapata wapi ruhusa.

La kusikitisha zaidi ni kwamba watetezi wa vitabu hulijibu swali lenyewe. Watasema kusoma huongeza msamiati, hupunguza mawazo, huwapa watoto mfano mwema. Yote huenda ni kweli. Lakini mama akiruhusiwa kusoma ili watoto wamwige, saa yake imerudi kuwa ya watoto. Amepewa kwa mkono wa kulia, akapokonywa kwa wa kushoto, na mpokonyaji safari hii ni rafiki yake.

Tamko la Haki za Binadamu la mwaka 1948, kifungu cha 24, linampa kila mtu haki ya kupumzika na kustarehe, pamoja na kikomo cha saa za kazi na likizo zenye malipo. Ni maneno mazito, ila likizo ya malipo ni ya mwenye mwajiri. Kazi ya jikoni haina kengele ya kufungia.

Na starehe ikitajwa, hadithi za upelelezi zinadai heshima kubwa kuliko zinayopewa. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla ilishinda shindano la uandishi la 1957–58, ikachapishwa 1960, na mpelelezi wake, Bwana Msa, akaingia majumbani na kiko chake. Mwaka 1974 Elvis Musiba akamleta Willy Gamba katika Kufa na Kupona. Baadaye Ben Mtobwa akaja na Joram Kiango. Vitabu hivi viliazimwa hadi kurasa zikalegea. Msomaji hakutafuta cheti humo. Alitaka kujua nani kaua, na hamu hiyo ilimtosha kuiba nusu saa taa ikiwa bado inawaka.

Aristotle alifundisha kwamba tunafanya kazi ili tupate wasaa. Wasaa wa waungwana wa Athens, hata hivyo, ulibebwa na watumwa. Na katika nyumba nyingi za Dar es Salaam, mama akipata saa ya kusoma, yuko dada wa kazi kwenye karo anaosha vyombo, na huyo naye huenda angempenda Bwana Msa. Wanaume wakishika zamu ya vyombo, mzigo utapungua sana, na yule muuguzi wa Tanga atamaliza sura yake. Ila mjane mwenye watoto wachanga, zamu hizo atagawana na nani?