Enyi Mlioweka Akili Rehani

Enyi watu wa mto Tana, kuanzia Nanighi hadi Kipini, wafugaji na wakulima, wenye malka za kunyweshea mifugo na wenye mashamba, sikilizeni. Neno hili ni chungu na sitalitia asali. Mungu amewapa akili, Katiba imewapa haki ya kuitumia, nanyi mmeiweka rehani kwa ukoo, kwa uvumi na kwa bahasha ya mgombea.

Tazameni mabaraza yenu. Viti vya plastiki vimepangwa chini ya mwembe. Wazee wamekaa mbele, vijana wameegemea pikipiki, kina mama wako nyuma kwenye mikeka na watoto mapajani. Kiongozi anahutubu, anamaliza, anauliza kama kuna mwenye swali. Kimya. Gari lake likishaondoka ndipo ndimi zinapofunguka: fedha za kisima zimekwenda wapi, mbona zahanati haina dawa, basari wamepewa watoto wa nani. Mwayasema kwenye chai, mwayasema barazani kwa muuza duka, lakini mbele ya mwenye kujibu mnafumba midomo. Na akitokea kijana wa kuthubutu, jamaa zake wenyewe humvuta shati: "Keti, usituaibishe." Tangu lini kuuliza kukawa aibu?

Haki hiyo ya kuuliza mnayoichezea iligharimu damu za watu. Ulaya ilitawaliwa karne nyingi na wafalme waliodai kuwa wamekalishwa kitini na Mungu, kwa hiyo hawaulizwi. Mwaka 1689 Mwingereza John Locke alichapisha hoja kwamba serikali halali hutokana na ridhaa ya wanaotawaliwa. Mwaka 1748 Mfaransa Montesquieu akaonya kwamba mtunga sheria, mtekelezaji na hakimu wakiwa mtu mmoja, uhuru umekwisha. Mwaka 1784 Immanuel Kant wa Prussia aliandika kwamba wengi hubaki watoto wa kuongozwa kwa uvivu na woga, si kwa kunyimwa akili. Mwaka huohuo jukwaa la Paris lilionyesha tamthilia ya Beaumarchais ambamo mtumishi, Figaro, anamshinda bwana wake kwa werevu, na watu wakafurika kuitazama. Miaka 5 baadaye Wafaransa walitangaza haki za binadamu. Walipomsahau mwanamke, Mary Wollstonecraft akawauliza mwaka 1792: yeye hana akili?

Msiniambie hayo ni ya Wazungu. Karne nyingi kabla yao, Ibn Rushd wa Cordoba, aliyefariki mwaka 1198, alitetea kwamba dini yenyewe inaamrisha kutafakari. Hapa pwani kwetu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianzisha gazeti la Al-Islah mjini Mombasa mwaka 1932, akawakaripia Waislamu wenzake kwa usingizi wao na kwa kuipa elimu kisogo. Shaaban Robert, katika Kusadikika, alimsimamisha Karama mahakamani kwa kosa la kutaka watu wafundishwe sheria, naye akajitetea kwa hoja.

Wala sisemi Wazungu walikuwa malaika. Waliisifu akili kwao, wakawanyima haki hiyo watu wa kwetu. Jumba la makumbusho la British Museum lilianzishwa London mwaka 1753 kwa ajili ya elimu ya watu wote. Humohumo katika stoo zake imefichwa Ngadji, ngoma tukufu ya Wapokomo, iliyonyang'anywa na maofisa wa kikoloni mwanzoni mwa karne ya 20. Na kando ya mto huu, katika kambi ya Hola, tarehe 3 Machi 1959, walinzi waliwapiga wafungwa wa kizuizini hadi 11 wakafa. Serikali ya kikoloni ikatangaza kwamba walikufa baada ya kunywa maji ya gari la maji. Watu hawakukubali jibu hilo. Maiti zikachunguzwa, majeraha yakaonekana, na Bunge la London likalazimika kulijadili jambo hilo. Ukweli wa Hola ulifichuliwa na waliolikataa jibu la kwanza. Nyinyi mmeyakubali mangapi?

Tarehe 27 Agosti 2010 Kenya ilizindua Katiba mpya. Kifungu cha 1 kinasema mamlaka yote ni ya wananchi. Cha 35 kinakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Cha 38 kinakupa kura iliyo huru. Lakini uchaguzi ukikaribia nasikia, "Wazee wameshaamua." Nauliza kwa nini huyu, najibiwa, "Ni mtu wetu." Hiyo si sababu! Mwizi naye ni mtu wa watu fulani. Mimi namheshimu mzee, na mzee wa baraza la Gasa au la Matadheda anayetoa sababu zake hadharani nitamsikiliza hadi jua litue. Lakini uamuzi uliofanywa usiku baada ya bahasha kupita haufai kuitwa hekima.

Na kina mama mmewaweka nyuma kwenye mkeka! Lahani ya wimbo wa taifa imetokana na wimbo wa Kipokomo wa kubembelezea mtoto. Nchi nzima husimama wima kwa sauti iliyoanzia kifuani mwa mama wa mto huu, nanyi mwamwambia anyamaze barazani.

Kuna dhambi kubwa zaidi. Mwaka 2012, tarehe 22 Agosti, wafugaji na wakulima walipopigana, watu zaidi ya 50 waliuawa kijijini Riketa, wanawake na watoto wakiwemo. Septemba ikaja zamu ya Kilelengwani, Desemba Kipao. Ng'ombe waliingia mashambani, ndiyo. Malisho yaligombaniwa, ndiyo. Wanasiasa walikuwa na hesabu zao. Lakini panga lilishikwa na mtu aliyeambiwa kwamba jirani yake ni adui, naye hakuuliza nani kasema na ana ushahidi gani. Leo uvumi huohuo unapita kwenye simu, nanyi mnaupeleka mbele kabla hamjamaliza kuusoma. Ole wenu mnaosambaza msichokihakiki. Damu ikimwagika, kidole chenu kimo.

Na mafuriko yakija mnasema ni mipango ya Mungu. Mvua ni ya Mungu. Lakini mabwawa ya Masinga na Kiambere yamejengwa na watu, hufurika kwa vipimo vinavyojulikana, na onyo hutolewa kwa walio chini ya mto. Onyo likitolewa, mbona hamhami? Lisipofika, mbona hamuulizi aliyepaswa kulifikisha? Msimsingizie Mola uzembe wa mwanadamu.

Basi acheni. Baraza lijalo, Nanighi na kila kijiji, mtu asimame aulize bajeti ya wadi yake, na aliye karibu naye asimvute shati, asimame pamoja naye. Kina mama waketi mbele. Habari isiyo na mwenyewe isipite mkononi mwako. Mgombea asiyetoa sababu asipewe kura, hata awe mtoto wa mama yako. Taifa lililopewa Katiba likaogopa kuuliza litatawaliwa kama taifa lisilo na Katiba, na halitakuwa na wa kumlaumu.