Mwizi wa mchana
Tuliokimbia Bujumbura mwaka 2015 tunakumbuka Kiriri: nyumba kubwa mlimani, kila geti na zamu wake. Kule mwizi alikuwa kazi ya zamu. Hapa kambini kijana akikamatwa na sabuni ya kibanda, sote tunapiga yowe na kuokota mawe. Sabuni hiyo ni mtaji wa mama mjane, hatukatai. Lakini someni Kutoka 22:2-4: anayemwua mwizi jua likiwa limechomoza ana hatia ya damu, mwizi naye alipe, na akikutwa nacho mkononi, mara mbili. Basi tuwaite sungusungu, wampeleke polisi akiwa mzima. Wazee wetu, kama bashingantahe wa nyumbani, wahakikishe mama analipwa.