Telefone ya Mwenzi wa Ndoa na Amri ya Nane

Katika kitabu cha nabii Danieli, sura ya 13, imeandikwa habari ya Suzana, mke wa Yoakimu, mwanamke mwenye kumcha Mungu. Wazee wawili walimvizia siku kwa siku alipotembea bustanini mwake, hata mwisho wakajificha humo, naye akidhani yu peke yake. Alipokataa kufanya dhambi nao, walimsingizia uzinzi mbele ya watu wote. Mungu akamwinua kijana Danieli. Huyu akawauliza wazee wale mmoja mmoja, na uwongo wao ukafunuliwa. Wakristu wengi huikumbuka hukumu ile, lakini huusahau mwanzo wake: uovu wote ulianzia katika jicho lenye kuchungulia.

Siku hizi bustani ya Suzana inachukuliwa mfukoni. Katika telefone moja mna barua, picha, feza, mashauri ya jamaa na machozi ya rafiki. Tena anayechungulia hatoki mbali: pengine ni yule aliyeweka ahadi mbele ya altare.

Usikilizwe mfano huu. Palikuwa na seremala mmoja katika mji ulio kando ya ziwa Tanganyika. Alikuwa ameishi na mkewe miaka kumi na miwili, wakajaliwa watoto wanne. Mke aliuza ndagala sokoni. Hawakukosa Misa ya siku ya Mungu, na jioni walisali Rozari pamoja na watoto wao. Siku moja mwenzake wa kazi akamwambia: «Mke mwenye kuifunga telefone yake ana jambo la kuficha.» Neno lile likaingia moyoni mwa seremala kama mchwa katika ubao.

Usiku, mkewe alipolala kwa uchovu wa soko, seremala akamshika kidole polepole, akakigusisha penye telefone, nayo ikafunguka. Akaingia WhatsApp, akaiunganisha na telefone yake ya zamani. Kazi hiyo haikumaliza dakika tano. Tangu usiku ule kila neno aliloandikiwa mkewe lilimfikia na yeye, akalisoma karakanani, randa ikiwa imelala juu ya ubao.

Juma la tatu akasoma maneno ya mwanamume asiyemjua: «Njoo kesho saa nane, uje peke yako.» Seremala hakumwuliza mkewe. Akawaita wazee wa pande mbili za jamaa, akaweka ile telefone ya zamani katikati yao, akasema: «Someni wenyewe.»

Wazee wakamwuliza mke: «Mwanamume huyu ni nani?» Akanyamaza. Wakamwuliza mara ya pili, akamgeukia mumewe, akasema: «Baba, sikukutendea ubaya. Lakini jibu hilo si langu.» Basi wazee wakaendelea kusoma toka juu hata chini, na kila aliyesoma akampa mwenzake. Ndipo mambo yote yakatokea. Mwanamume yule alikuwa mwuguzi wa dispensari. Mdogo wake mke, binti aliyekuwa karibu kuolewa, alikuwa ameanza kumeza dawa za ukimwi. Alikuwa amemwambia dada yake peke yake, naye dada alikuwa akimsaidia kupata dawa. Ugonjwa si dhambi, wala binti hakutaka kumdanganya mchumba wake. Alikuwa akitafuta nguvu ya kumwambia yeye mwenyewe, kwa kinywa chake mwenyewe. Siku hiyo aliyokuwa akiitafuta, shemeji yake alimnyang'anya. Kabla jua halijachwa, mchumba alikwisha kuambiwa njiani na watu wengine. Juma lile lile binti akapanda mashua, akahama mji.

Seremala alikwenda kuungama. Mungu ni mwenye huruma, naye huondoa dhambi. Lakini maondoleo hayarudishi neno lililokwisha kutoka.

Katika mfano huu mna mafundisho matatu.

La kwanza: telefone ya mke haikuwa na siri za mke tu. Mtu aweza kumfunulia mwenzi wake moyo wake wote, na ni vema. Lakini siri aliyokabidhiwa na mwingine ni kama amana. Hana ruhusa ya kuigawa, wala mwenzi wake hana ruhusa ya kuiiba. Katekisimu ya Eklezya, iliyotolewa mwaka 1992, inafundisha penye amri ya nane kwamba kila mtu lazima aheshimu kwa kiasi maisha ya faragha ya watu. Nayo Sheria ya Eklezya ya mwaka 1983, kanuni ya 220, inakataza kuvunja haki ya mtu ya kulinda faragha yake.

La pili: aliyeiba neno hulisoma vibaya. Seremala aliona maneno machache, akaongeza mengine kutoka moyoni mwake. Kumhukumu mwenzako kuwa mkosefu pasipo msingi wa kutosha ndiko kunakoitwa hukumu ya haraka, nayo ni dhambi juu ya amri ya nane.

La tatu: kupeleleza hakuleti amani. Usiku wa kwanza seremala hakuona kitu, wala hakutulia, alitafuta tena. Mwaka 2016 Papa Fransisko, katika barua yake Amoris Laetitia, namba 115, aliwafundisha wenye ndoa kwamba mapendo huamini na kumwacha mwenzi awe na uhuru. Wala hayahitaji kumfuata kila hatua kama mlinzi wa gereza.

Swali: Je, mume na mke si mwili mmoja? Mbona basi siri?
Jibu: Ni mwili mmoja, lakini roho ni mbili, na kila moja itatoa hesabu yake mbele ya Mungu. Mume haingii pamoja na mkewe katika kiti cha maungamo, wala hapo ndoa yao haivunjiki.

Swali: Je, kufunga telefone ni ruhusa ya kuficha uzinzi?
Jibu: Hapana. Kufuli ni la kulinda mema. Anayelitumia kufunika dhambi hamfichi Mungu kitu. Mwenye kuficha uzinzi aungame, avunje urafiki ule mbaya.

Swali: Na sheria ya nchi inasemaje?
Jibu: Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya mwaka 2006, kifungu cha 31, inamhakikishia kila mtu heshima ya maisha yake ya faragha na siri ya barua na mawasiliano yake. Haikusema kwamba haki hiyo inakoma siku ya arusi.

Kwa hiyo mkristu asione haya kuilinda telefone yake kwa busara. Namba ya siri iwe ya tarakimu sita au zaidi, isiwe siku ya kuzaliwa wala mwaka wa ndoa. Anayeogopa kushikwa kidole usingizini aondoe alama ya kidole, aache namba peke yake. Katika WhatsApp atazame orodha ya vifaa vilivyounganishwa, kwa maana telefone moja yaweza kuunganishwa na vifaa vingine hata vinne. Asichokijua akiondoe, kisha aweke ile namba ya pili ya ulinzi. Abadilishe neno la siri la akaunti yake ya Google au Apple, atazame ni vifaa gani vimeingia humo, na azime ile huduma inayoonyesha mahali alipo kama hakuiwasha mwenyewe. Namba ya feza za telefone, kama M-Pesa au Airtel Money, asiiandike penye kuonekana.

Ziko pia programu za upelelezi zinazojificha. Kwa kawaida huwekwa na mtu aliyeishika telefone mkononi kwa dakika chache. Betri kwisha upesi yaweza kuwa dalili, lakini si ushahidi; hata betri iliyozeeka hufanya hivyo. Katika telefone nyingi za Android, Play Protect husaidia kuzitafuta programu mbaya. Katika iPhone, tangu mwaka 2022, iko sehemu ya ukaguzi wa usalama, ambamo mtu aweza kuona na kukata yale anayoshirikishana na wengine.

Lakini neno hili lishikwe sana: ikiwa mume au mke ni mkali, anapiga au anatisha kuua, mwenzi wake asifute vitu hivyo kwa haraka. Mpelelezi atatambua mara moja kwamba macho yake yamefungwa, na hasira yake yaweza kumwaga damu. Kwanza atafute msaada kwa telefone ya mtu mwingine, au aende kwa miguu yake: kwa ndugu wa kuaminiwa, kwa masista, kwa padri, kwa daktari, kwa wenye kulinda sheria. Uvumilivu wa ndoa haumlazimishi mtu kungoja kuuawa.

Naye mwenye mashaka afanye nini? Amwulize mwenzi wake uso kwa uso, mchana, akiwa hakunywa pombe. Asipopata amani, waende wote wawili kwa padri au kwa mzee mwenye ndoa njema na kinywa kizito.

Seremala alisafiri kwa mashua, akamwomba shemeji yake msamaha. Binti alimsikiliza, lakini hakurudi. Mke alimsamehe mumewe, wakasali tena pamoja, hata hivyo aliweka namba mpya, akamwambia: «Baba, sikufungii wewe mlango. Ninawafungia mlango wale walioniamini.» Seremala hakuuliza ni namba gani.

Mtakatifu Yosefu alipoona kwamba Maria ana mimba, aliona jambo zito kuliko neno lolote la telefone. Kwa kuwa alikuwa mwenye haki, hakutaka kumwaibisha mbele ya watu. Alinyamaza, akafikiri, na katika kimya kile malaika wa Bwana akapata nafasi ya kusema naye. Yosefu Mtakatifu, mlinzi wa jamaa takatifu, azilinde nyumba za wakristu, na wenye ndoa wote wapewe neema ya kuuliza kabla ya kuhukumu. Amina.